Kitufe cha Giza

Bismillahi.

Mwanangu Hawa,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili, nakusikia ukigombana na zipu ya begi, na begi linakushinda. Nimekwambia tangu mchana kwamba blanketi lile halitaingia. Basi acha nisiseme tena habari za begi, wala za kula, wala za kuvaa, wala za kujihadhari na watu wa kwenye treni. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka. Barua hii utaifungua ukishafika Dar es Salaam, nami sitakuwepo kukuona ukikunja uso, kwa hiyo nitasema nitakavyo.

Wiki iliyopita uliniuliza kama nitakuruhusu upange chumba chako mwenyewe karibu na chuo, badala ya kukaa kwa shangazi yako Tatu. Nikakwambia nyamaza. Halafu mimi ndiye niliyenyamaza, mpaka jioni hii. Shangazi yako, dada wa marehemu baba yako, ana nyumba ya vyumba viwili na watoto tele, na alishakutengea nafasi katikati yao. Mimi nilifurahi sana. Wewe ukanitazama, ukasema, "Mama, mi sijawai kulala mu chumba peke yangu hata siku moja. Nataka nijue iko vipi." Maneno yale yaliniuma kana kwamba umenitukana, na wala hukunitukana. Sasa nataka kukujibu, ila jibu langu lina njia ndefu na linapitia kwenye kamera. Unanijua mamako, sina shule nyingine niliyosoma.

Baba yako alipofungua studio yetu hapa Buyenzi, watu walimcheka. Mtaa mzima ni magereji na maduka ya vipuri, wanaume wamepaka grisi hadi kwenye nyusi, nani atakuja kupigwa picha? Wakaja wote. Mafundi walinawa mikono kwa sabuni ya unga, wakavaa koti lile moja lililokuwa likining'inia nyuma ya pazia, wakakaa wima kama mabalozi. Baba yako alipenda kukuza picha. Mtu akitaka ya mfukoni, yeye atamshawishi achukue ya ukutani. "Usimupunguzie mutu sura yake," alikuwa akiniambia. "Mutu anapunguzwa na maisha kila siku, asikuje kupunguzwa na sisi." Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa na kuwachana nywele wateja. Nilimtazama akifanya kazi, nikampenda tena na tena, na maneno yale nikayameza kama dawa.

Kisha, vita vikiwa vimeshaanza, akaenda Ngagara, upande mwingine wa mji, kupiga picha za harusi ya mtoto wa karani mmoja, na wakati wa kurudi risasi ikamkuta njiani. Hiyo habari unaijua, sitaiandika yote. Nikabaki na studio, na wewe, na yale maneno yake.

Mjomba wako alipotuletea ile kamera ya kidijiti kutoka Dubai, nilidhani ni mchezo wa watoto. Haina mkanda, haina harufu ya dawa, unabonyeza na picha iko pale. Lakini ndiyo iliyotupa kazi ambayo baba yako asingeweza kuifanya hata kwa kubembelezwa: shughuli za wanawake. Unajua jinsi ilivyokuwa. Siku ya hina, wanawake wamevua mitandio, nywele ziko nje, shingo ziko nje, nani atakubali mkanda wa picha hizo za rangi, ambao studio yetu haikuweza kuusafisha, upelekwe mjini kwa mafundi wa kusafisha picha, wote wanaume? Kwa hiyo bibi harusi wengi wa Buyenzi hawakuwa na picha hata moja ya siku waliyopendeza kuliko zote. Mimi na wewe tukaja na kamera, na kompyuta yetu ya mtumba, na printa kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Picha inatoka kwenye jicho la mwanamke inafika kwenye mkono wa mwanamke. Tukawa hatukosi mwaliko.

Sasa kumbuka harusi ya Sabra. Kwao ni watu wa duka, Waarabu wa siku nyingi hapa mjini, na mume alikuwa akimsubiri Maskati. Kesho yake Sabra alikuwa anapanda ndege. Bibi yake, Bi Moza, ndiye aliyemlea, na kitu alichokitaka kilikuwa kimoja: picha ya Sabra na hina yake na asumini kichwani, ikuzwe, iwekwe kwenye fremu chumbani kwake, maana alijua hatamwona tena. Alisema hivyo waziwazi, mbele ya mtoto, na watu wakacheka ili wasilie.

Shughuli ilifanywa mchana, kwa sababu jioni hakuna aliyetembea. Mapazia yalishushwa kwa ajili ya macho ya nje. Umeme ulikuwa umekatika. Na baba wa Sabra alikataza flashi: askari walikuwa njia panda pale, na mwanga ukimulika dirishani, nani atatoka kuwaeleza kwamba ni harusi? Chumba kilikuwa kizuri na cheusi. Mishumaa miwili, na mstari wa jua chini ya pazia.

Wewe ukaninong'oneza, "Mama, weka kwa ile kitufe ya giza. Ile inafanya picha kidogo, lakini safi."

"Apana, Hawa. Bibi anataka ya ukuta."

"Lakini humu giza iko mingi, Mama."

"We mutoto, utanifundisha picha?"

Mbele za watu. Nikaona ulivyorudi nyuma, ukashika sahani ya visheti ukaanza kuipitisha kama mhudumu. Nami nikaiweka kamera kwenye ukubwa wake wote, nikaifungulia ukali wake wote ili ione gizani, nikapiga Sabra na bibi yake, Sabra peke yake, mikono ya Sabra. Kila nikitazama kile kioo kidogo cha nyuma, picha ilikuwa safi kama maziwa. Sikujua kwamba kile kioo kinadanganya kwa wema: kinakuonyesha picha ikiwa imeshapunguzwa.

Kesho yake Sabra akaondoka. Tukafungua kompyuta, tukaikuza sura yake, na sura haikuwepo. Palikuwa na chenga, nyekundu na buluu na kijani, kama mtu amemwaga viungo juu ya karatasi. Nikaichapa hivyohivyo, nikijidanganya kwamba karatasi itaificha. Nikaipeleka. Bi Moza akaisogeza kwenye macho yake yale yaliyochoka, akaiangalia muda mrefu, akauliza kwa upole, "Mutoto wangu alikuwa na surua? Mbona hamukuniambia?"

Hawa, nilitembea kurudi nyumbani nikiwa sioni njia. Ningeweza kumrudishia mtu chochote, lakini mjukuu wake alikuwa ameshavuka bahari.

Hukunisuta. Hilo sijalisahau, na sikukushukuru, basi nakushukuru hapa. Ulikaa kwenye kompyuta ukaniita. Ukaniambia kwamba ndani ya kamera kuna kipande kidogo kama ukucha, kimegawanywa vijumba mamilioni, na kila kijumba, ndiyo pikseli yenyewe, kinapokea mwanga wake na kutoa hesabu yake. Nikakwambia sielewi. Ukafikiri kidogo, halafu ukasema:

"Mama, unakumbuka ile wakati barabara ya milimani ilifungwa, makaa haikupatikana? Sisi kiganja moja, Mama Idi kiganja moja, wale wa nyuma kiganja, wa ng'ambo kiganja. Kila mutu akawasha mbabula yake, jiko yake ya makaa. Maharagi iliiva kwa nani?"

"Haikuiva kwa mutu."

"Mukafanya nini?"

"Tukatia makaa yote mu mbabula moja."

"Basi ile kitufe ya giza inafanya hivyo tu. Jirani wane wanatia mwanga yao pamoja. Nyumba zinapungua, lakini sufuria inachemka."

Nilicheka, na machozi yalikuwa hapohapo. Ukachukua zile picha kubwa mbovu, ukaiamuru kompyuta ichanganye vidoti vinne vinne kuwa kimoja. Picha ikapungua, na chenga zikapungua nayo, na taratibu Sabra akatoka, kwanza meno yake, maana alikuwa anacheka, kisha asumini. Lakini haikuwa safi kabisa. Kwenye kivuli cha shingo bado palikuwa na vumbi. Nikakuuliza kwa nini, wakati ile picha uliyowahi kunipiga mimi jikoni gizani, kwa kitufe chenyewe, ilikuwa safi. Ukasema, "Kwa sababu tumechelewa, Mama. Kila mbabula ilishawashwa. Kuwasha kunakula makaa. Ukichanga mbele ya kuwasha, unawasha mara moja. Ukichanga nyuma ya kuwasha, kila mutu amekwisha poteza kidogo."

Bi Moza aliipokea ile ndogo kwenye kiganja. Akasema, "Huyu sasa ni Sabra. Ile ingine ilikuwa kubwa, lakini mwenyewe hakuwa ndani." Akaitia mfukoni mwa gauni lake, na habari za fremu hakuzitaja tena.

Lakini neno lako, tumechelewa, lilinikaa. Sikulala nalo vizuri.

Baba yako alipofariki, nilikukataza kulia mbele za watu. Ulikuwa mdogo. Nilidhani nakufundisha ushujaa. Wewe ulikuwa unalia chumba cha nyuma kwenye marundo ya nguo, na mimi nilikuwa nalia kwenye chumba cha kusafishia picha, nimewasha ile taa nyekundu ili mtu asifungue mlango. Ukuta mmoja tu kati yetu. Kila mmoja na kiganja chake. Tulikaa hivyo mpaka mvua zikaja zikaisha, na siku moja milio ya bunduki ilipozidi upande wa Buterere, ukainuka kwenye mkeka wako pembeni ya chumba, ukaja kitandani kwangu na mto wako mkononi, ukalala. Hapo ndipo tulipoanza kulia pamoja, na kucheka pamoja, na kumtaja baba yako kwa jina. Lakini mimi naijua hesabu ya kitu tulichokipoteza kabla ya hapo. Kuna mtoto fulani uliyekuwa, msemaji, mwimbaji, ambaye hakurudi. Nilimwacha alie peke yake. Naumia, mwanangu. Naandika huku naumia.

Basi tangu siku hiyo hatujalala mbalimbali. Vita vilitupa sababu kila wiki. Godoro moja, shuka moja, mguu wako wa baridi kwenye mgongo wangu. Nikajifunza kwamba giza likiwa kubwa, watu wanasogeleana, na ndivyo walivyopona wengi wa mtaa huu, wa kila namna, wamebanana kwenye vyumba vya watu ambao hata hawakuwa ndugu zao. Hilo silikani mpaka kufa. Na ulipotaja chumba cha peke yako, mimi nilichokisikia ni kwamba unataka kurudi kwenye yale marundo ya nguo.

Sasa nikukumbushe Idi iliyopita, unicheke kidogo.

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, watu walitoka kwenda kuswali bila kugeuza shingo. Uwanja ulijaa. Jua lilikuwa kali, kanzu nyeupe mpaka macho yanauma. Wazee wa msikiti wakaniomba nipige picha moja ya watu wote, kubwa, kila nyumba ipate nakala. Fundi wa gereji akanipandisha juu ya lori bovu, wewe ukiwa chini umeshika viatu vyangu. Nikapiga. Nikajisikia baba yako yuko karibu nami.

Na kamera ilikuwa kwenye kitufe cha giza. Nilikuwa sijakitoa tangu Bi Moza. Nilishaapa kwamba sitakitoa maishani.

Wakaja studio mmoja mmoja. "Mama Hawa, mi niko wapi?" Nikikuza, sura zinakuwa uji. "We ni huyu, pembeni ya muti." "Apana, huyu ni shemeji yangu." "Basi we ni huyu mwingine." Yule fundi wa lori akaikodolea macho picha, akasema, "Mama, umetupiga kama mchele." Mzee mmoja alikuja mara tatu. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka kambi za wakimbizi za ng'ambo, hiyo ndiyo ilikuwa Idi yao ya kwanza pamoja, na alitaka kumwona mtoto amesimama kando yake. Alijua mahali walipokuwa, safu na nguzo. Pale palikuwa na nukta mbili nyeupe. Hukusema, "Nilikuambia." Ulisema tu, "Mama, jua ilikuwa mingi. Kila mutu alikuwa na mwanga yake ya kutosha."

Nilicheka na wateja, nikawapiga tena bure mmoja mmoja, yakaisha. Lakini jioni hii, nilipokuwa nakunja zile nguo zako ulizoziacha, neno hilo lilirudi likakaa mbele yangu. Kosa la kwanza nililifanya kwa sababu ya baba yako, kung'ang'ania ukubwa ndani ya giza. La pili nililifanya kwa sababu ya woga wangu mwenyewe. Nilibeba giza nikalipeleka juani. Na nikaona kwamba kwako wewe ndivyo ninavyotaka kufanya: nikubane na watoto wa Tatu, bega kwa bega, ili nikitazama kutoka huku nione kitu kimoja chenye joto, nisijali kama sura yako ndani yake inaonekana ama haionekani.

Sijui hata unapenda kulala saa ngapi. Fikiria. Miaka yote kwenye godoro moja, na sijui, kwa sababu ulikuwa unalala nikilala. Sijui kama ungependa ukuta uwe wa rangi gani. Sijui kama ukiwa peke yako unaimba.

Kwa hiyo hapohapo nimempigia shangazi yako simu. Nikamwambia mwanzo Hawa atakaa kwako siku chache mpaka apate chumba, kisha atahamia kwake, awe anakuja kwako wikendi. Akashtuka. "Wifi, kitanda si nimeshatandika?" Nikamwambia, "Kitandue." Akacheka kwa kile kicheko cha baba yako, unakijua. Akasema chumba atakusaidia kukitafuta, kuna mjane mmoja jirani yake anapangisha, mtu wa dini, na mlango una komeo la ndani. Nikamwambia hilo la komeo ndilo zuri zaidi.

Ndilo jibu langu, mwanangu. Ndiyo. Panga chumba chako. Nimechelewa tena, lakini safari hii si sana.

Neno moja tu nalibakiza, na si amri. Utafika wakati utakuwa gizani huko, maana giza halina mpaka: homa, mtihani umekushinda, mtu uliyemwamini amekuvunja moyo. Nakujua, utataka kuwasha mbabula yako mwenyewe kimyakimya, umenirithi. Usifanye hivyo. Nenda kwa Tatu mapema, kiganja chako kikiwa bado kina kitu. Usingoje mpaka umebaki na majivu ndipo ukabishe hodi. Giza likipita, rudi kwako ukafunge mlango, na mtu asikuone mwenye kiburi.

Mimi usiniwazie. Mama Idi ameshasema atakuja kulala nami, nikamkatalia. Nataka na mimi nijue iko vipi.

Usiku wako wa kwanza katika chumba hicho, utalala chali, na kimya kitakuja. Utashtuka. Hapa kwetu tumefunzwa kwamba kimya kikizidi, kuna kitu kinakuja nyuma yake, na mwili wako utainuka wenyewe kutafuta viatu. Lala tu, Hawa. Kimya cha huko ni cha watu waliolala.

Mamako akupendaye